Vijana Waislamu wa miji yetu: kushika dini kati ya shule, kazi na mtaa

Wengi wetu tunaoishi Kindu, Kisangani, Bukavu, Goma au Beni tunakaa mtaa mmoja na Waislamu. Watoto wetu wanasoma pamoja na wao, tunapanda pikipiki zao, tunanunua sukari na sabuni dukani kwao, na siku ya kilio tunakaa nao kwenye matanga. Lakini tukiulizwa kijana Mwislamu wa mjini anaishi namna gani na dini yake, wengi wetu tuna majibu mawili tu: hali nguruwe, na anafunga Ramadhani. Tunaandika makala hii kwa ajili ya walimu wa shule zetu, viongozi wa vijana na wazazi, ambao mara nyingi wanatuuliza juu ya jambo hili.

Kongo haijafanya hesabu ya watu tangu 1984. Kwa hiyo kila idadi ya Waislamu inayotajwa ni makisio, na makisio hayo yanapishana sana. Linaloonekana kwa macho ni hili: katika nchi nzima wao ni wachache, na penye wengi zaidi ni jimbo la Maniema, hasa Kasongo na vijiji vyake. Hapo ndipo jambo letu linapoanzia. Mtoto aliyekulia Kasongo anafunga kwa sababu nyumba nzima inafunga, jirani anafunga, na mwenye mgahawa amefunga mlango mchana. Anapokwenda Goma au Kisangani kusoma au kutafuta kazi, anajikuta peke yake darasani au kazini. Hapo dini iliyokuwa desturi ya mji inakuwa jambo la kuchagua kila siku, na la kueleza kwa watu wasioijua.

Tena tusidhani kwamba mji unawapunguzia dini wote. Wengine mji unawaongezea. Wazee wengi wa Maniema walilelewa katika tarika ya Qadiriyya, yenye dhikri, maulidi na kuwaheshimu masheikh wa zamani. Baadhi ya vijana waliopata bursari za kusoma Sudani au Saudi Arabia, au waliojifunza kwa simu tu, wamerudi wakisema maulidi ni jambo lililozushwa baadaye. Basi katika nyumba moja unamkuta baba anayesherehekea maulidi kwa dufu, na mwana mwenye diploma ya informatiki anayekaa chumbani kwake siku hiyo. Tukisema kijana wa kisasa ndiye aliyelegea na mzee ndiye mshika dini, tunakosea nusu ya nyumba tunazozijua.

Shule, na kwa nini Waislamu walichelewa

Uislamu uliingia mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Unguja na pwani, waliotafuta pembe za ndovu na watumwa. Hamed bin Muhammad, ambaye sisi sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na makao Kasongo, na mwaka 1887 mfalme Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Vita ya 1892 hadi 1894 ilivunja nguvu za wafanyabiashara hao. Watu waliokwisha kusilimu walibaki, na lugha yao ikabaki: Kingwana, Kiswahili cha kwetu, kilipata jina lake kutokana na waungwana hao.

Kijana Mwislamu wa miaka ishirini bado anatupiwa habari za utumwa, shuleni na hata mahubirini. Babu yake mkubwa anaweza kuwa alikuwa mtumwa katika msafara, si bwana wa msafara. Sisi tunaona ni vizuri mwalimu wa historia aseme hilo darasani kabla wanafunzi hawajaanza kuchekana.

Wakati wa ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misioni, na pesa za serikali zilikwenda kwa misioni za Kikatoliki. Sisi Waprotestanti wenyewe tulingoja hadi baada ya Vita ya Pili ya Dunia kupata sehemu yetu. Mzazi Mwislamu aliona kwamba kumpeleka mtoto shule ni kumpeleka kwenye ubatizo, na mara nyingi hakukosea. Akamweka madrasa asome Kurani, kisha akamfundisha biashara, ushonaji au kazi ya gari. Hii ndiyo sababu Waislamu walikuwa wengi sokoni na wachache sana katika kazi ya Leta. Hawakuwa wakichukia elimu.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1970, serikali ilipoitambua jumuiya ya Waislamu, ambayo leo inaitwa COMICO. Mkataba wa 1977 ulirudisha shule kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na Waislamu nao waliingia katika mpango huo baadaye. Mtafiti wa Marekani Ashley Leinweber, aliyefanya kazi Maniema baada ya vita, ameonyesha jinsi jumuiya hiyo iliyowekwa pembeni kwa muda mrefu ilivyojikusanya na kujenga shule. Shule hizo zinafuata programu ile ile ya taifa na Mtihani wa Serikali ule ule, na zinapokea watoto Wakristo pia. Kwa hiyo vijana tunaowazungumzia hapa ni kizazi ambacho kwao diploma ni jambo la kawaida. Wengine wanasoma Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho kilianzishwa 1963 na Waprotestanti. Wajukuu wa watu waliokimbia shule za misioni wanakaa katika viti hivyo, na wachache wanajua habari hiyo.

Swali moja la shule halijapata jibu moja: kitambaa cha kichwa. Sare yetu ya buluu na nyeupe haisemi kitu juu ya kichwa. Katika shule za Kiislamu msichana anavaa kitambaa cheupe na jambo limekwisha. Katika shule nyingine mkuu wa shule anakubali, na katika nyingine msichana anavua langoni asubuhi na kuvaa tena saa ya kurudi. Msichana mwenyewe haoni ni jambo dogo, maana anavua mbele ya wavulana wale wale ambao nyumbani amefundishwa kujifunika mbele yao. Mkuu wa shule naye ana sababu yake: akiruhusu kitambaa kimoja, kesho ataletewa kofia na vilemba vya kila aina. Tumeona shule zilizomaliza jambo hili kwa njia nyepesi, kwa kuandika katika kanuni kwamba kitambaa kiwe cheupe, kisicho na mapambo, na uso uonekane. Ugomvi ukaisha.

Saa za sala na saa za mji

Wengi wetu tunadhani Mwislamu akisikia adhana lazima aache kazi papo hapo. Sivyo. Kila sala ina muda wake. Adhuhuri inaanza jua likipita utosini na inaendelea hadi alasiri, kwa hiyo kijana wa ofisini anaweza kusali katika mapumziko ya saa saba, na sala yenyewe inachukua dakika chache tu. Aliye safarini anaruhusiwa kufupisha na kuunganisha sala. Tena nchi yetu iko kwenye ikweta: mchana una kama saa kumi na mbili mwaka mzima, na magharibi haiondoki sana kwenye saa kumi na mbili za jioni. Mwislamu wa Ulaya ya kaskazini anafunga saa kumi na saba au zaidi Ramadhani ikiangukia Juni. Wa Kisangani anafunga kama saa kumi na tatu, mwaka wowote.

Motari wa pikipiki ana uhuru mkubwa zaidi. Anasimamisha chombo karibu na msikiti, anatawadha kwa maji ya chupa, anasali, na dakika kumi baadaye yuko tena kwenye kituo chake. Sisi tunafikiri hii ni sababu moja, si ya mwisho, inayofanya vijana Waislamu wapende kazi za kujitegemea.

Ugumu uko Ijumaa. Sala ya Ijumaa ni ya jamaa, ina hotuba, na mwanamume hawezi kuiahirisha hadi jioni. Inaanguka karibu na saa saba mchana, wakati shule za asubuhi zinatoka na za mchana zinaingia. Mwanafunzi wa zamu ya mchana anakosa somo la kwanza kila juma. Walimu wetu wanalijua tatizo la namna hii kupitia Wasabato wanaopangiwa mtihani Jumamosi, na penye nia njema linatatuliwa vilevile: Ijumaa somo la kwanza la mchana linawekwa michezo au kazi ya mikono.

Sikukuu nazo ni hivyo. Noeli ni siku ya mapumziko katika nchi nzima, na tangu 2023 tarehe 6 Aprili imewekwa kwa kumbukumbu ya Simon Kimbangu. Idi haimo. Mfanyakazi Mwislamu anaomba ruhusa, na kwa sababu siku inategemea mwezi kuandama, hawezi hata kumwambia mkubwa wake wiki moja mbele ni Jumanne au Jumatano. Ramadhani yenyewe inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2015 ilianza 18 Juni, na watahiniwa wa mwaka wa sita walijikuta na mfungo katika msimu ule ule wa mitihani.

Pesa, simu na starehe

Riba imekatazwa katika Uislamu, na mjini riba iko kila mahali. Likelemba haina shida: kila mmoja anachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Lakini vikundi vya AVEC, ambavyo vimejaa katika parokia na mitaa yetu, vinakopesha kwa faida na kugawana faida hiyo mwisho wa mwaka. Kijana Mwislamu anayeingia AVEC anaulizwa na dhamiri yake. Wengine wanakataa kabisa. Wengine wanaweka akiba, na siku ya kugawana wanachukua walichoweka tu, faida wanawapa maskini bila kuihesabu kuwa sadaka. Wengine, tuseme ukweli, wanachukua yote kimya. Pesa ya simu, M-Pesa au Airtel Money, inawafaa kwa sababu ni kutuma na kutunza tu. Wale wanaokwenda Dar es Salaam kununua bidhaa wanakutana huko na Amana Bank, iliyofunguliwa 2011 kwa kanuni za Kiislamu, na wanarudi wakiuliza kwa nini hapa kwetu hawaioni.

Simu imebadilisha pia mahali dini inapofundishwa. Zamani kijana wa Kindu alimsikia sheikh wa msikiti wake tu. Leo anasikiliza mawaidha ya Nurdin Kishki wa Tanzania au Othman Maalim wa Zanzibar, kwa Kiswahili anachokielewa, akiwa kwenye foleni ya maji. Anasoma tafsiri ya Kurani ya Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika 1969. Wasomaji wetu wapate na hili: Kurani nzima ilitafsiriwa kwa Kiswahili mara ya kwanza na mmisionari Mwanglikana, Godfrey Dale, mwaka 1923, ili wahubiri wajue wanachobishana nacho. Kiswahili kimetubebesha sisi na wao vitabu vya kila mmoja.

Mawaidha ya simu yana kasoro yake. Sheikh wa Dar es Salaam anajibu maswali ya mji wenye Waislamu wengi. Hajui maisha ya msichana aliye peke yake darasani Butembo. Kijana anachukua jibu lile kama lilivyo, kisha anagongana na imamu wake, ambaye anajua mtaa lakini hana wafuasi mtandaoni.

Juu ya mavazi na muziki hatusemi mengi, maana hapo vijana wote wanafanana. Jinzi na kofia ya kanzu kwa mtu mmoja, rumba Jumamosi na kaswida Ijumaa. Pombe ndiyo inayowatenga kweli. Urafiki wa kazini kwetu unafungwa kwenye nganda, mbele ya Primus, na asiyekwenda anakosa habari za kazi na mapendekezo. Wengi wanakwenda, wanaagiza sukre, wanakaa nusu saa, wanaaga. Wakristo wa makanisa yetu wasiokunywa wanaijua njia hiyo hiyo. Mara nyingi ni hao wawili wanaokaa meza moja.

Ndoa

Hapa ndipo machozi yalipo. Vijana wanakutana chuoni, kazini, katika kwaya ya shule, na wanapendana bila kuulizana dini. Sheria ya Kiislamu, kama wanavyoifundisha wanazuoni wao walio wengi, inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa Mkristo, lakini haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo. Kwa hiyo kaka anaweza kuleta nyumbani mke Mkristo, na dada yake akimleta mchumba Mkristo nyumba inawaka. Wasichana wanauona upande huo mmoja, na wengi wanausema wazi sasa.

Upande wetu hauko safi. Parokia nyingi zinamtenga na Meza ya Bwana msichana aliyeolewa na Mwislamu, hata kama haachi imani yake, na wachungaji wengine wanadai mchumba abatizwe majuma mawili kabla ya harusi. Ubatizo wa namna hiyo unajulikana na wote kwamba ni wa harusi. Na kusilimu kwa namna hiyo pia kupo. Sisi tunaona kwamba mtu anayebadili dini ili kadi za harusi zichapwe, anaanza nyumba yake kwa neno asilolimaanisha, na siku mtoto wa kwanza anapozaliwa neno hilo linadaiwa: abatizwe, au aadhiniwe sikioni?

Sheria ya nchi inasimama kando ya wote wawili. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa ya mke mmoja tu, na umri ni miaka 18 kwa wote. Nikahi ya msikitini peke yake, kama vile baraka ya kanisani peke yake, haitoshi mbele ya ofisi ya serikali. Kijana Mwislamu anayemwoa mke wa pili anamwacha huyo wa pili bila ulinzi wa sheria, na wasichana waliosoma wanaulizia cheti kabla ya kukubali. Jambo moja zaidi linawalemea wavulana: katika Uislamu mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, lakini desturi zetu zinadai mali kwa ukoo wake. Anatoa mara mbili.

Jina kwenye kadi

Katika eneo la Beni yote tuliyoyasema yanakuwa madogo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF, kundi lililotoka Uganda na kujitangaza 2019 kuwa upande wa Dola la Kiislamu, yameua watu wengi sana vijijini na mijini. Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, siku ya Jumapili, watu wakiwa katika ibada. Waliofiwa ni ndugu zetu, na hatuandiki hapa kupunguza uchungu wao.

Lakini miezi ishirini kabla ya Kasindi, tarehe 1 Mei 2021, sheikh Ali Amini, kiongozi wa Waislamu wa Beni aliyekuwa akilikemea kundi hilo waziwazi, alipigwa risasi msikitini wakati wa sala. Mwezi ule ule imamu mwingine aliuawa Mavivi. Kijana Mwislamu wa Beni yuko kati ya watu wawili: wauaji wanamwona msaliti, na baadhi ya majirani wanamwona mpelelezi wa wauaji. Wapo walioacha kuvaa kanzu isipokuwa ndani ya uzio wa msikiti. Wapo walionyoa ndevu. Wasichana waliofunika uso wamefunua, wengine kwa kuogopa askari, wengine kwa kuogopa mtaa. Na wale wanaotafuta vijana wa kwenda msituni hawaanzi na dini. Wanaahidi kazi, masomo, safari. Wanawatafuta wasio na kazi, na mtaa ukishamfukuza kijana kwa maneno, unawarahisishia kazi hiyo.

Kwenye vizuizi vya barabara, askari anasoma kadi ya mchaguzi. Huko mashariki majina hayasemi dini ya mtu. Ramazani, Salumu, Amisi na Saidi ni majina ya koo ambamo kuna Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti. Emmanuel Ramazani Shadary, aliyegombea urais mwaka 2018, amebeba jina la Biblia na jina la mwezi wa mfungo pamoja, na yeye ni mwana wa Maniema. Tunao mashemasi wenye majina hayo. Shemasi akisimamishwa kizuizini karibu na Beni anatoa kadi ya ushirika wa kanisa na anapita. Kijana wa Kindu mwenye jina lile lile, aliyekuja kuuza simu, hana kadi ya namna hiyo ya kutoa, na anaambiwa akae pembeni.